Nilimfungia mlango mtoto wa jirani kwa ajili ya mimba yangu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, ni mke wa mtu, naishi Mikindani. Nina binti wa miaka saba na mimba ya miezi mitano. Mume wangu yuko baharini siku nyingi kuliko nyumbani, kwa hiyo maisha yangu ni mimi, binti yangu na mama mkwe, kwenye nyumba ya familia inayotazamana mlango kwa mlango na nyumba ya jirani. Katikati pana mwembe, na chini ya mwembe ndipo watoto wa mtaa mzima wanapochezea.

Huyo jirani ndiye rafiki yangu hasa. Tuliolewa mtaa huu mwaka mmoja, tukabeba mimba pamoja, tukajifungua tukipishana wiki tatu. Wangu alitoka analia. Wa kwake hakulia. Mwenyewe alinisimulia jinsi walivyomchukua mtoto mbio wakampeleka pembeni kumsaidia kupumua, yeye akabaki kitandani ametega sikio. Mtoto alichelewa kukaza shingo, akachelewa kukaa, kutembea ameanza akiwa na miaka mitano. Anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, mkono wa kushoto ameukunja kifuani. Maneno yake yanatoka polepole na mate yanamponyoka. Hospitali walimwambia ni mtindio wa ubongo. Mimi nitamwita Shaibu, ingawa si jina lake. Watoto mtaani wanamwita Kiwete, na siku hizi wakimwita hivyo anaitika.

Tangu wachanga, Shaibu na binti yangu wamelelewa kama pacha. Tukikaa barazani kubangua korosho, wao wako mkekani. Mwaka huu binti yangu ameanza darasa la kwanza. Shaibu hajaandikishwa, mama yake aliambiwa shuleni amrudishe mtoto akishaweza kwenda chooni mwenyewe.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mimba hii ilipoonekana, mama mkwe aliniambia nisiende tena kule, na yule mtoto asije hapa nikawa namtazama kila asubuhi. Alisema mwenye mimba huzaa anachokitazama. Nilibisha kidogo, halafu nikanyamaza. Miaka miwili iliyopita mimba yangu iliharibika, na tangu hapo mtu akinitajia jambo lolote la kulinda mimba nalifuata hata kama siliamini.

Basi Shaibu akija asubuhi kumwita mwenzake, nikawa nasema amelala. Kesho yake, katumwa dukani. Baadaye nikawa nafunga mlango kabisa. Alikuwa anasimama nje, ameshika mwimo, analitaja jina la binti yangu. Jina lenyewe ni refu, linamchukua muda. Akimaliza anasubiri, kisha anaondoka.

Wiki mbili zilizopita natoka ferini kununua samaki, nikakuta watoto wamejaa chini ya mwembe wanacheka. Binti yangu yuko katikati, anatembea kwa vidole, mkono kaukunja, kinywa kakiacha wazi. Shaibu mwenyewe alikuwa ameegemea shina la mwembe, anacheka pamoja nao. Mama yake alikuwa mlangoni kwake na ndoo. Hakuwatazama watoto. Alinitazama mimi, akaingia ndani.

Nilimchapa binti yangu kwa ndala. Akaniambia huku analia, "Mbona wewe unamfungia mlango? Bibi kasema anaambukiza."

Tangu siku ile jirani hanisalimii, na maji anateka bomba la mbali. Nilituma sahani ya pilau. Sahani ilirudi imeoshwa, tupu, imeletwa na mtoto wa watu.

Shangazi, nirudi vipi kwa rafiki yangu? Nimwambie nini mama mkwe bila kuivunja nyumba? Na hili naona haya kuliuliza: lile la mimba lina ukweli wowote?

Mama wa Mikindani

*

Marahaba, mwanangu. Pole na mimba, na pole na ile iliyotangulia.

Naanza na swali uliloliona la aibu, maana yote mengine yametokea hapo. Jibu ni hapana. Macho hayapeleki kitu tumboni. Mtindio wa ubongo ni matokeo ya ubongo wa mtoto kuumia, au kutokukua sawasawa, akiwa bado tumboni, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni sababu mojawapo. Nyingine ni kuzaliwa njiti, umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria kali inayopanda kichwani. Sijamwona Shaibu wala cheti chake, lakini umeniandikia mwenyewe kwamba hakulia. Ulikuwa na habari hiyo miaka saba, kisha likaja neno la kutazama ukaiweka kando. Sikulaumu. Hofu ya mwanamke aliyepoteza mimba haiulizi maswali.

Na mtindio hauambukizi. Si kwa mate, si kwa mkeka, si kwa kula sahani moja. Mate yanamponyoka kwa sababu misuli ya kinywa haimtii vizuri, kama vile ya miguu.

Mimi ni wa Lindi, nikukumbushe jambo la kwetu. Mwaka 2010 Lindi Mjini tulimchagua Salum Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo katika Tanzania. Alisimama majukwaani kampeni nzima. Wajawazito wangapi walimkodolea macho, wengine saa mbili juani? Ualbino mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili, wanaobeba asili yake bila wao wenyewe kujua. Kama kutazama kungekuwa kunazaa, Lindi ingejaa wabunge.

Mama mkwe wako namwelewa zaidi ya unavyodhani. Mimba ile iliyoharibika, naye alipoteza mjukuu. Anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake, na alichokipata ni mlango wa kufunga. Basi hofu yake ipe kazi nyingine. Mwombe akusindikize kliniki, akae na wewe kwenye benchi, amsikie muuguzi kwa masikio yake. Yeye ndiye awe msimamizi wa vidonge vyako vya kuongeza damu, yeye akuulize usiku kama umeshusha neti, yeye ahesabu tarehe za kurudi kupewa dawa ya kuzuia malaria. Mapema mkubaliane utajifungulia kituo gani, na usiku wa manane chombo cha kukupeleka kitatoka wapi. Mtoto akishazaliwa, bibi ndiye amtazame macho na ngozi mchana kwenye mwanga: akiona umanjano, hasa ukitokea siku ya kwanza, au mtoto amelegea na hanyonyi, asimpeleke juani wala asisubiri kesho, mrudishe hospitali. Hapo ndipo kinga ilipo, na bibi mwenye macho makali ana nafasi kubwa.

Ila usimfundishe. Mama mkwe hafundishwi na mkamwana, hukumbushwa. Kama ni mtu wa darasa la akina mama msikitini, Sura ya Abasa anaijua. Mtume alikuwa na wakubwa wa Makka, akaja kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, kuuliza dini yake. Mtume akakunja uso, akageuka. Zikashuka aya za kumlaumu, zinasomwa mpaka leo, na tangu hapo kipofu yule akawa anapokewa kwa heshima, akawa mwadhini, na Mtume akisafiri kuna nyakati alimwachia Madina. Usimsomee wewe. Jioni moja mwombe amsimulie mjukuu wake kisa hicho, wewe endelea kupembua mchele. Mtu akisimulia mwenyewe, anajisikia.

Lile neno "anaambukiza" hata hivyo halingoji jioni nzuri. Hilo mumeo amwambie mama yake, kwa adabu, akirudi kutoka baharini. Ni mama yake.

Sasa binti yako. Ndala ile ilimwangukia asiyestahili, nawe unajua, ndiyo maana umeniandikia maneno yake neno kwa neno. Mtoto wa miaka saba haoni imani nyuma ya mlango, anaona mlango. Aliona mtu aliyekuwa wa mkekani amekuwa wa nje, akahitimisha kwamba wa nje huchekwa.

Kaa naye chini, mwombe radhi kwa ndala, kisha mweleze kwa lugha yake. Kichwa hutuma maneno mguuni: nyanyuka, kanyaga, geuka. Kwa Shaibu njia ile ina mashimo, kama barabara ya udongo wakati wa masika. Neno linafika, lakini limechelewa na limetikisika. Mwambie pia kwamba kuchelewa kusema si kuchelewa kuelewa. Wako watoto wenye mtindio ambao na kuelewa kunawapa shida, na wako wanaoelewa kila kitu. Huyu, anayekuja kila asubuhi, akasema jina refu mpaka mwisho, kisha akasubiri jibu kwa adabu, mimi ningekuwa mwangalifu sana na maneno ninayoyasema mbele yake.

Kuna jambo moja kwenye barua yako nimelirudia mara nyingi. Umeandika kwamba Shaibu naye alikuwa anacheka. Nadhani uliliandika kujipunguzia mzigo, kana kwamba mwenyewe hakuumia. Mwanangu, mtoto akichekwa ana njia mbili: aondoke, au acheke nao. Shaibu alikuwa amefungiwa mlango siku nyingi. Siku ile walau alikuwa mchezoni, na kile kicheko ndicho alicholipia nauli. Ndivyo hivyo hivyo anavyoitikia "Kiwete".

Jina hilo lisimamishwe, na ni kazi ya watu wazima. Tazama Kiswahili chetu kilivyowapanga: kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, wote tumewaweka pamoja na kiti na kisu. Hata hivyo hakuna mtu, hata mwenye mdomo mchafu kuliko wote, anayesema "kiziwi kimekuja". Tunasema amekuja. Lugha yenyewe ilikataa kwenda na sisi mpaka mwisho. Mtaani kwetu Lindi nilikua na msichana asiyesikia, tukimwita Bubu. Kwenye rede ndiye alikuwa mwamuzi, kwa sababu kelele zetu za kubishana hazikumfikia. Aliona mpira umegusa gauni, basi, umetoka. Hatukuwa na mwamuzi bora. Jina lake halisi nililijua nikiwa mtu mzima, nina watoto, na nilipolijua sikuwa na pa kulipeleka. Wewe jina la Shaibu unalijua. Lisikike uwanjani, likitoka kinywani mwako, kwa sauti, kila unapopita.

Na wapate mchezo wa kumtosha. Sizungumzii kumhurumia, watoto huruma hawaiwezi zaidi ya robo saa. Nazungumzia mdako. Mdako ni wa kukaa chini na unachezwa kwa mkono mmoja, naye mkono wa kulia anao. Wachimbe shimo pana zaidi, waanze na kete chache, jiwe la kurusha liwe kubwa kidogo. Akishindwa, ashindwe kama wengine, asiachiwe ushindi wa bure. Watoto wanaujua ushindi wa bure na yeye ataujua wa kwanza. Kombolela wanaweza kuicheza wawili wawili. Yako mengine ambayo mimi na wewe hatutayafikiria, kwa hiyo binti yako amuulize mwenyewe: "Unataka tucheze nini?" Wakitaka kumshika mkono, wamuulize pia. Mtu anayepigania kusimama, ukimvuta mkono bila kumwambia, unamwangusha.

Sasa kwa rafiki yako. Kwetu sahani hairudi tupu, hata kama ni chumvi itawekwa. Ile uliyorudishiwa imeoshwa ilikuwa barua, na umeisoma vizuri. Kwa hiyo usitume sahani nyingine, wala usimtume mtoto. Nenda wewe, mchana, mtaa ukuone unavuka na tumbo lako ukipiga hodi pale ulipoambiwa usifike.

Ukifungua kinywa, sema ulilofanya. "Nilimfungia Shaibu mlango. Niliogopa kwa ajili ya mimba. Nilikosea." Mama mkwe usimtaje, ijapokuwa rafiki yako anajua; mkono uliofunga ulikuwa wako. Usimwambie ni mipango ya Mungu. Na nakuomba sana usimletee "hujafa hujaumbika". Najua tunaisema kwa nia njema, lakini sikiliza inavyosikika kwa mama wa mtoto: nakutendea wema kwa sababu na mimi yanaweza kunikuta. Yaani mwanawe ni balaa ambalo wewe bado hujalifikia. Amesikia hayo miaka saba kwenye mabasi na kwenye foleni za kliniki.

Kisha mwombe radhi Shaibu, yeye mwenyewe, si kupitia kwa mama yake. Kaa chini macho yenu yalingane. Akianza kujibu usimmalizie neno.

Binti yako usimkokote siku hiyo kusema samahani mbele ya watu. Atakariri na hataelewa. Yeye aende siku yake, na kete za mdako mkononi.

Inawezekana rafiki yako asikukaribishe. Ana haki hiyo. Rudi nyumbani, na kesho yake msalimie kama kawaida, na kesho kutwa. Akikulegezea, usianze kumwuliza akusaidie nini kwa jumla jumla; mtu aliyechoka hajui aanzie wapi. Taja kitu. Siku ya mazoezi ya viungo ya Shaibu, nauli ya bodaboda mnachangia vipi, na nani anabaki na ndoo zake. Alhamisi unakaa na Shaibu wewe yeye aende kwenye shughuli zake. Wakati mwingine kuinywa chai hadi mwisho bila kuinuka ndiyo zawadi.

Halafu lipo la shule, na hapa nitakuwa mkali. Hilo sharti la choo lisiwe mwisho wa safari. Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 zote zinampa Shaibu haki ya kusoma, na shule za msingi za serikali hazina ada. Aende halmashauri ya manispaa, aonane na ofisa anayehusika na elimu maalumu, na ofisa ustawi wa jamii, akiwa na karatasi za hospitali na cheti cha kuzaliwa kama anacho. Aulize mtoto atapimwa wapi na shule ipi ya karibu ina mwalimu wa elimu maalumu. Kama jibu ni la mdomo, aombe waandike. Akikubali, msindikize, lakini msemaji awe yeye. Wewe ubebe mfuko wa karatasi. Wanawake wawili ofisini hawaambiwi "rudi wiki ijayo" kwa wepesi ule ule, hasa mmoja wao akiwa na tumbo la miezi sita.

Na akiandikishwa, binti yako anaifahamu njia ya shule. Watatoka mapema kidogo.

Uzazi wako ukifika salama, inshallah, watoto wa mtaa watakuja kumwona mtoto mchanga kama ilivyo kawaida, wakinawa mikono mlangoni. Shaibu awe miongoni mwao.

Lakini hayo ni ya mbele. Kesho asubuhi mlango uache wazi kabla hajafika, kama atakuja tena. Asipokuja, uache wazi na keshokutwa. Akija, akashika mwimo, akaanza kulitaja jina la binti yako, binti yako asimkimbilie katikati ya neno. Amngoje amalize, ndipo aitike.

Shangazi